Kambi ya mabinti wa kanisa likizo ya mwezi wa sita: Marko 5 peke yake inatosha siku zote nne (karibuni tuongezee)

Mama Kambi Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na ndugu zangu Wakatoliki Tumsifu Yesu Kristo.

Naona wengi wanauliza kambi ya mabinti iendeshwe vipi, hasa sasa hivi makanisa mengi huku nyanda za juu kusini yanapanga ya likizo ya mwezi wa sita, na majibu wanayopewa ni yaleyale, asubuhi mchungaji afundishe, mchana mama mchungaji, alasiri nesi, jioni mwalimu wa maadili, usiku mkesha. Mimi msimamo wangu nautoa hapa kwa moyo wote, mtoto wa miaka 10 mpaka 15 asikalishwe kwenye benchi kutwa nzima anaandika pointi. Shuleni ameandika muhula mzima jamani. Chukueni hadithi moja tu ya Biblia, mkae humo ndani siku zote za kambi, na kila kitu mnachofanya kuanzia kuamka mpaka kula kitoke kwenye hiyo hadithi.

Hadithi ninayoipendekeza ni Marko 5 kuanzia mstari wa 21 mpaka wa 43. Mnaijua, Yairo mkuu wa sinagogi anakuja kumwangukia Yesu miguuni, binti yake yuko kufani, wanaondoka, njiani kwenye msongamano anatokea mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi anapona, Yesu anasimama anamtafuta aliyemgusa, huku nyuma habari inafika kwamba mtoto ameshafariki, lakini Yesu anaendelea na safari mpaka chumbani, anamshika mkono, Talitha kumi, msichana nakuambia inuka. Na Marko anatutajia umri wake, miaka 12. Huyo ni mtoto wa darasa la sita au la saba, ndio haohao tunaowapakia kwenye koasta kuwapeleka kambini. Mama ameugua miaka 12 na binti ana miaka 12. Ukiwasomea polepole wanaiona wenyewe, usiwawahi kuwaambia.

Sasa shughuli zenyewe.

Kuamsha. Achaneni na filimbi na kengele ya kupiga rimu. Walezi wawili kila bweni wanapita kitanda kwa kitanda saa kumi na mbili asubuhi, mmoja anamshika mtoto mkono anamwita kwa jina lake, fulani, nakuambia, inuka, basi, anaenda kitanda kinachofuata. Inabidi majina yaandikwe kwenye karatasi yabandikwe kitandani usiku, maana ukikosea jina umeharibu. Asubuhi ya pili mtaona jambo, Tukuyu mwezi wa sita baridi si mchezo, blanketi limefika mpaka kwenye macho, na mtoto ameshaamka zamani ila anafumba macho kwa makusudi kabisa anasubiri zamu yake ya kuitwa, na ukimshika mkono anakubana vidole. Kuna watoto kwao wanaamshwa kwa kutukanwa kila siku. Hii shughuli haina gharama hata shilingi.

Kutoa waliocheka. Mstari wa 40 unasema wale waombolezaji walimcheka Yesu, naye akawatoa wote nje ndipo akaingia alipo mtoto na baba na mama yake na wale wanafunzi watatu. Mabinti wanapewa vikaratasi, kila mmoja anaandika maneno anayoambiwaga ya kumcheka, huna akili wewe, mweusi kama sufuria, wewe ni wa kuolewa tu, utaishia gengeni kama mama yako. Hakuna wa kusoma, hata mlezi. Wanavikunja wanatoka navyo nje kabisa ya chumba, wanavipeleka jikoni vinawashia moto wa maharage ya mchana. Halafu wanarudi ndani mlango unafungwa, mnasoma mstari wa 41. Msiweke muziki wa kuwaliza wala mlezi asianze kulia kwa sauti, waacheni wakae.

Upindo wa vazi. Hapa ndio penye utamu na ndipo makanisa mengi yanakwepa. Mwanamke wa kwenye hadithi shida yake ilikuwa damu, na kwa torati ya Walawi 15 alihesabika najisi, alichokalia najisi, aliyemgusa najisi. Mabinti wa miaka 12 wanavunja ungo ndio kipindi hicho. Kwa hiyo mchana mzima wanashona taulo za kike za kufua, kila mmoja aondoke na zake, na wakati mikono inashona ndio mazungumzo yanakuja yenyewe. Mtoto anayeangalia sindano anauliza kitu ambacho asingekuuliza akiwa anakutazama usoni. Nesi awepo lakini akae nao chini kwenye mkeka naye ashone, asisimame mbele.

Kulishwa. Mstari wa mwisho kabisa, baada ya muujiza wote ule, Yesu anaamuru yule mtoto apewe chakula. Jioni ya mwisho mabinti hawashiki mwiko wala ndoo. Wazee wa kanisa, baba zao, kaka zao wa kwaya, hao ndio wanamenya ndizi, wanapika wali wa Kyela, wanapakua, wanawanawisha mikono na kuosha vyombo mpaka sufuria ya mwisho. Hawa watoto tangu wana miaka saba ndio wanaolisha watu. Siku moja wakae wapewe chakula kwa sababu Bwana aliamuru hivyo.

Kuna na sanduku la maswali ila hilo nitalieleza chini nikipata muda, na safari. Naomba michango ya wengine, hasa wa Iringa na Njombe.

Binti Uyole

Mama umenigusa hapo kwenye kuitwa jina. Nilishapita kambi kadhaa na kinachobaki kichwani sio mafundisho, ni nani alikaa na mimi jioni kwenye ngazi za bweni.

Swali langu ni la kushona. Vitambaa gani? Na wasiojua kushona kabisa?

Mama Kambi Tukuyu

Binti Uyole, kitambaa cha kugusa mwili ni pamba tupu, mashuka ya mitumba ya pamba pale sokoni Mwanjelwa yanafaa sana yakifuliwa na kupigwa pasi kwanza, kanga iliyochoka nayo safi. Katikati unaweka flaneli, zile blanketi nyepesi za kupokelea watoto, tabaka tatu au nne. Chini kabisa kitambaa kisichopitisha maji, wengine wanatumia kitambaa cha mwavuli uliovunjika na kinafanya kazi. Urefu kama sentimita 25 na mabawa mawili ya kukunjia chini ya chupi yenye kifungo cha kubonyeza. Mkate vipande vyote kabla ya kambi, watoto wasiachiwe kukata, mkasi mmoja watoto arobaini mtamaliza siku hapo. Wao washone tu, mshono wa kurudi nyuma, mkono, hauhitaji cherehani. Asiyejua anakaa na anayejua, mara nyingi mdogo wa darasa la tano ndio anamfundisha dada wa kidato cha pili na hiyo inapendeza kuangalia.

Kufua wafundishwe palepale, maji ya baridi kwanza mpaka damu itoke, maana maji ya moto yanaigandisha kwenye kitambaa, ndio sabuni, kisha kuanika juani wazi. Sasa shida ya Rungwe mnaijua, jua la kubahatisha, kitambaa kinaning'inia siku mbili bado kibichi na mtoto anaona aibu anakificha chini ya godoro kinaota ukungu, huko ndiko fangasi zinakotokea. Waambieni wazi kwamba isiyokauka haivaliwi, ikaushwe karibu na jiko au kwa pasi ya mkaa, na kila mtoto apate za kutosha kupokezana, sio moja ya kumbukumbu. Kubadilisha kila baada ya saa nne mpaka sita.

Mzee wa Usharika

Nawasalimu katika jina la Bwana. Mama, mpango wako una mengi mazuri na hilo la akina baba kupika nalipokea japo litaleta mjadala barazani. Ila hili la hedhi mimi nasita. Haya mambo zamani alikuwa anafundisha bibi au shangazi, faraghani. Kuyaleta kambi ya kanisa tena kwa kutumia maandiko, hatuoni tunashusha heshima ya neno? Nauliza kwa nia njema kabisa.

Mama Kambi Tukuyu

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kuuliza wazi, wengi wananung'unika tu pembeni.

Sisi hatujalileta, Marko ndiye aliyeandika. Sisi tumelizoea kulipita haraka, tunasema mwanamke mwenye shida, mwanamke mwenye imani, tunaogopa kusema damu. Na ukiangalia vizuri Yesu hakumwacha aondoke kimyakimya kwa siri, alisimama katikati ya umati mpaka mama akajitokeza akaeleza yote, ndipo akaambiwa Binti, imani yako imekuponya. Huyo shangazi uliyemtaja ni kweli alikuwepo na alifanya kazi kubwa, lakini leo shangazi yuko Dar au Tunduma kwenye biashara na mtoto anafundishwa na simu ya rafiki yake. Faragha tunailinda mzee, siku hiyo hakuna mwanaume eneo la kushonea, hata mpiga picha. Na wazazi wanaandikiwa barua mapema kwamba siku ya pili ni hiki kitafundishwa, asiyetaka mtoto wake awepo anasema. Hilo la barua ni lazima.

Mzee wa Usharika

Marahaba. Hiyo barua imenisaidia. Nitalipeleka kwenye baraza.

Mwalimu wa Ipogolo

Kamwene wapendwa, huku Iringa mjini tunafuatilia.

Wazo la hadithi moja nimelipenda mno ila kwa mabinti wa huku ningebadilisha hadithi. Sisi hadithi yetu ni 2 Wafalme 5, yule binti mdogo wa Israeli aliyechukuliwa na vikosi vya Washami akawekwa kumtumikia mke wa Naamani, jemadari wao. Hana jina, ametolewa kwao, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, na ndiye aliyesema neno lililompeleka jemadari kwa nabii Elisha akapona ukoma. Mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa kutoa wadada wa kazi. Mtu akiwa Dar akitaka dada anapiga simu Iringa. Mtoto anamaliza la saba mwezi wa tisa, mwezi wa kumi anakuja mtu na gauni jipya na ahadi kwamba utasomeshwa cherehani, Krismasi mtoto hayupo kijijini.

Shughuli ni igizo, lakini lisiwe igizo la kukariri. Mnaligawa vipande, kundi la kwanza waigize siku anayochukuliwa, la pili usiku wake wa kwanza kwenye nyumba ya ugenini, la tatu siku anayoamua kusema. Biblia haielezi usiku wa kwanza kwa hiyo wanabuni wenyewe, na hapo mtasikia mambo, maana katika hao thelathini kuna wenye dada zao huko na wengine wameshawahi kwenda wakarudi. Baada ya igizo tunakaa duara wanatengeneza maswali ya kumuuliza anayekuja kukuchukua. Nyumba iko mtaa gani, namba ya mwenye nyumba nani anayo, mshahara unapewa mkononi au anatumiwa mzazi, siku ya ibada unaruhusiwa kwenda, ukiumwa inakuwaje, mjumbe wa huku anajua unaondoka? Wanaandika nyuma ya Biblia zao. Hii nayo naiita imani, maana yule mtoto Mungu alikuwa naye kwenye nyumba ile, lakini haina maana tuwaache watoto wetu wachukuliwe kizembe.

Kwa safari, kwa walio mjini kupanda mwamba wa Gangilonga alfajiri kwa sala ya asubuhi ni karibu na hakuchoshi, mji wote unauona chini. Na Isimila mkiweza, zile nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale, watoto wanashangaa sana, soma nao Zaburi ya 90 palepale.

Dada wa Kwaya Mafinga

Hii ya kuandika maswali nyuma ya Biblia naichukua kama ilivyo. Mbarikiwe.

Matroni Njombe

Nimesoma yote. Nina jambo moja zito na naomba mnivumilie likiwa refu.

Mkoa wetu wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, hilo linajulikana. Maana yake kwenye kambi yoyote ya huku, Makete, Wanging'ombe, mjini, mna mabinti wanaolelewa na bibi, mna waliozika wazazi wote wawili, na mna wanaokunywa dawa kila siku. Sasa unawasomea Marko 5, baba mwenye cheo anakimbia kumwombea binti yake. Kuna mtoto hapo anainamisha kichwa, mimi nimemwona kwa macho yangu, anawaza wangu nani atakwenda kumwanguka Yesu miguuni. Na mbaya zaidi kwenye hadithi mtoto anafufuka, wa kwao hawakufufuka. Mama Kambi unafanyaje hapo?

Na la pili ni la vitendo. Fomu ya kujiandikisha isiwe na swali la ugonjwa linalojazwa mbele ya wenzie. Mlezi wa mtoto azungumze na matroni mmoja tu kabla ya kambi. Dawa zina saa zake, saa mbili usiku watoto wako kwenye ibada na huyu anahitaji kutoka bila kuulizwa unaenda wapi. Sisi tuliweka ratiba kwamba muda huo kila usiku watoto wote wanatoka kwenda kunywa uji kwa makundi, hivyo hakuna anayeonekana katoka peke yake. Na kusiwe na ukaguzi wa mabegi mbele ya bweni zima, hapana kabisa.

Mama Kambi Tukuyu

Matroni, Mungu akubariki, hilo la uji wa saa mbili kila kambi iliweke.

Kuhusu Yairo. Naisoma hivi. Kwenye hadithi ileile kuna mwanamke ambaye hakuna aliyemwendea Yesu kwa ajili yake. Hana baba wa kumsemea, hana cheo, fedha yote imeishia kwa matabibu, amekuja mwenyewe kwa nyuma. Na Yesu akiwa anaharakishwa kwenda kwa mtoto wa mkubwa, anasimama kwa ajili ya huyu, na anamwita Binti. Yairo ana binti, na huyu asiye na mtu anaitwa Binti na Bwana mwenyewe. Mimi nawaachia watoto hapo. Huwa tunawaambia wachague, leo wewe uko wapi kwenye hii hadithi, kitandani, kwenye umati, nyuma ya vazi, wachore au waseme au wakae kimya. Wale wa bibi wengi wanakwenda kwa yule mama.

Na hilo la kutofufuka usilipambe. Usimwambie mtoto mama yako Mungu alimpenda zaidi akamchukua. Waliozikwa huko Makete nao walikuwa na imani na walikuwa na watu wa kuwaombea. Kaa naye, mwache alie kama anataka, muulize mama alikuwa anaitwa nani, alikuwa anapenda wimbo gani, muuimbe kama mnaujua.

Kijana wa Rungwe Misheni

Naongezea kwa Wamoravian, maana hiki kitu tunacho na hatuwafundishi mabinti zetu. Wamisionari walifika Rungwe 1891, hiyo kila mtoto wa kipaimara anaijua. Asichojua ni kwamba kule Herrnhut Ujerumani walikotoka, mwaka 1730 dada mmoja anaitwa Anna Nitschmann alichaguliwa kuwa mzee mkuu wa akina dada akiwa na miaka 14. Miaka 14! Alizaliwa 1715. Na uamsho wa watoto pale Agosti 1727 msichana wa miaka 11, Susanna Kühnel, ndiye aliyekuwa mbele yao. Mwezi huohuo tarehe 27 ndio ulianza ule mnyororo wa maombi, ndugu 24 na dada 24, kila mmoja saa yake, mchana na usiku, ukaendelea zaidi ya miaka 100.

Kambini mnaweza kufanya mnyororo wa mchana. Gaweni kuanzia asubuhi mpaka chakula cha jioni, kila chumba nusu saa, chumba kimoja kidogo kina mkeka, mshumaa, na daftari ambalo kila kundi linaandika limeombea nini ili linalofuata liendelee. Usiku walale jamani, watoto wa darasa la tano msiwakeshee, mtoto asiyelala kesho yake hasikii chochote. Na kundi la kwanza liwe la wadogo kabisa.

Ile jioni ya kulishwa mnaweza kuifanya karamu ya upendo kama tunavyofanya sisi, chai ya Tukuyu na maandazi vinagawiwa huku mnaimba, inaendana kabisa.

Binti Uyole

Mimi Mmoravian tangu kubatizwa na hiyo ya miaka 14 naisikia leo.

Mtembezi wa Isyonje

Kwenye safari naomba nisaidie, maana watu wanapeleka watoto sehemu za hatari kwa ajili ya picha.

Daraja la Mungu pale mto Kiwira ni pazuri, ni mwamba wa asili maji yanapita chini, watoto wasome Zaburi 121 wakiwa juu, ila msimamizi mmoja kwa watoto watano na hakuna kushuka kwenye maji. Kijungu hukohuko jirani muwe mbali na kingo, maji yanaingia kwenye shimo la mwamba na mawe yake yanateleza. Ziwa Ngosi msitu wake ni mzuri lakini njia ina matope na mizizi, baada ya mvua wadogo hawapandi, na msishuke mpaka majini, kutazama kutoka juu ukingoni kunatosha. Mchukue mwongozo wa pale.

Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Watu wanapeleka kambi ya mwezi wa sita wakitegemea maua wanakuta nyasi na baridi kali. Maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo kambi ya Desemba ndio ya Kitulo. Mkifika someni yale maneno ya Yesu ya maua ya mashamba yasiyofanya kazi wala kusokota, Sulemani hakuvikwa vizuri kama mojawapo. Kisha waambieni watoto jambo la kweli, kwamba kuna watu wanachimba viazi vya yale maua ya okidi usiku vinapelekwa Zambia kutengeneza chakula kinachoitwa chikanda, na wengine wanaochimba ni majirani zetu wanatafuta ada za shule. Waacheni wajadili. Siku hiyo hawatasahau uumbaji ni nini.

Mwezi wa sita mkiwa na anga jeupe, zimeni taa za nje dakika kumi, angalieni nyota, Zaburi 147 mstari wa 4, huzipa zote majina. Inaendana na ya kuamshwa kwa jina.

Wakili Mdogo Mbeya

Mabinti wakubwa wa miaka 14, 15 wapeni Hesabu 27. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti wa Selofehadi. Baba amefariki hakuacha mtoto wa kiume, wakaenda wenyewe mlangoni pa hema ya kukutania mbele ya Musa, Eleazari na wakuu wote, wakasema tupeni milki. Musa hakujibu kwa kichwa chake, akapeleka shauri kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena vema.

Fanyeni baraza. Viti vya wazee mbele, mabinti watano wanaingia wanajieleza, wengine wanakuwa wajomba na baba wadogo wanaotaka shamba. Mtaona jinsi watoto wanavyozijua hoja za baba wadogo neno kwa neno, maana wamezisikia kwenye matanga kwao. Mwisho wasomeeni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Wengi hawajawahi kuambiwa hilo na mtu yeyote.

Mama Kambi Tukuyu

Ndaga fijo, asanteni sana nyote. Wakili hiyo ya baraza naiweka siku ya tatu jioni kwa wakubwa wakati wadogo wako kwenye nyota.

Sasa lile sanduku. Sanduku la mbao au ndoo yenye mfuniko wenye tundu, linakaa njia ya kwenda chooni ambako mtu anaweza kupita peke yake, sio ukumbini. Karatasi na kalamu zipo hapohapo. Kila mtoto kila siku anatumbukiza karatasi, asiye na swali anachora ua au anaandika sina, ili anayeandika la maana asijulikane. Linafunguliwa usiku na walezi wawili wanawake, kamwe sio mmoja, yanajibiwa kesho yake asubuhi kwa uwazi. Yale ya kwa nini Mungu hajibu, dhambi isiyosameheka, kupenda mvulana, kusuka rasta ni dhambi, jibuni kwa upole na kweli, na lisilo na jibu semeni hatuna jibu.

Lakini mkae mkijua, lipo karatasi moja litakalosema kuna mtu ananifanyia kitu nyumbani. Jiandaeni kabla ya kambi, sio usiku huo. Walezi wote wajue namba 116, simu ya mtoto, ni bure, na wajue dawati la jinsia na watoto la polisi wilayani liko wapi na nani ataongozana na mtoto. Msiitishe kikao cha wazee kwanza kupatanisha, na msimpigie mzazi kabla hamjajua ni nani anayetajwa. Kwa kuwa karatasi halina jina, kesho yake asubuhi mnatangaza kwa wote kwamba aliyeandika jambo la kuumizwa tumelisoma, tunamwamini, dada fulani na dada fulani watakuwa jikoni wakichambua mchele mchana kutwa, mtu yeyote aje kusaidia kuchambua. Na watakuja wengi kuchambua mchele, na katikati yao yupo mmoja atakayebaki wenzie wakiondoka.

Mwalimu wa Ipogolo, naomba yale maswali ya mabinti wako uyaweke yote hapa kama waliyoyaandika, nataka na wangu wayapate kabla koasta haijaondoka.

Mwalimu wa Ipogolo

Nayaweka jioni nikitoka kanisani. Kuna moja la mtoto wa darasa la sita linalouliza nikitaka kurudi nyumbani nauli anatoa nani, hilo ndilo nitaanza nalo.